Nilivyoponywa Ugonjwa Nisiokuwa Nao

Kama wiki jana gazeti lako lilifungia samaki kabla hujalisoma, nitakukumbusha kwa ufupi. Mimi ni Anatole, kinyozi wa mtaa wa New Congo, hapa kambini Nakivale, Uganda, na silali. Tangu tulipokimbia Kivu ya Kusini, mwili wangu ulivuka mpaka, usingizi ukabaki. Wiki jana nilisinzia mchana kweupe mashine ikiwa mkononi, nikafyeka sharubu za mzee Appolinaire upande mmoja.

Mzee Appolinaire, mfanyabiashara wa maziwa, si mteja wa kawaida. Ni baba mdogo wa Nabintu, mchumba wangu. Baba mzazi wa Nabintu alifariki, kwa hiyo huyu ndiye anayekaa mbele kwenye kikao cha mahari, na ndiye mwenye kusema ndiyo au hapana. Nampenda Nabintu kuliko kitu chochote, na jibu lake lilikuwa ndani ya mdomo wa mtu niliyemnyoa nusu.

Alinisamehe. Aliniamuru nimalize na upande wa pili, akajitazama kwenye kioo kwa uchungu, akasema:

"Zitaota. Lakini tafuta dawa, Anatole. Sitamupa mutoto yangu mutu wa kusinzia na wembe mu mukono."

Basi nikatafuta. Nilikunywa maziwa ya moto yenye asali. Jirani mmoja akanichemshia majani ya pasheni, nikakesha njiani kwenda chooni hadi kukapambazuka. Mwingine akaniletea unga wa mizizi ya valeriani, unaonuka soksi za askari aliyetoka doria. Huo nao niliunywa huku nimeziba pua, nikalala chali, macho kodo, nikisikiliza mbwa wa kijiji jirani cha Rubondo wakigombana.

Ndipo dada yangu Pélagie, aliyechukuliwa kwenda kuishi Amerika, akanitumia chupa nyeupe ya plastiki kupitia kwa msafiri mmoja. Akanipigia simu.

"Inaitwaka melatonini. Huku batu bote banakunywaka hiyo. Haiko madawa ya kulevya, iko ya asili."

Mimi kitu cha asili kilishanikimbiza chooni usiku kucha, sikuwa na haraka. Nikaipeleka mjini Mbarara kwa Mbabazi, musawo mwenye kliniki yake ndogo kule Kamukuzi. Mbabazi ni Mnyankore, hana subira na wanaume. Akasoma chupa, akanisoma na mimi.

"Hii haigongi mtu kichwa," akasema. "Hii kitu mwili yako inatengeneza yenyewe kama giza inaingia. Inaambia mwili sasa ni usiku. Lakini wewe usiku unafanya nini?"

"Naangaliaka simu, musawo."

"Ehe! Unaangalia taa, mwili inafikiri jua bado iko. Kunywa moja, si mbili. Kila siku, saa ileile, usiruke. Na simu zima. Usiponifuata, usinirudie hapa na hayo macho."

Nikatega simu inikumbushe kila siku saa mbili ya usiku. Siku za kwanza sikuona kitu. Halafu nikalala. Niseme tena: nililala! Niliamka kuku wa jirani wameshatawanyika, nikakaa kitandani nikalia kwa furaha, mwanaume mzima.

Kilichonisumbua ni aibu. Hapa kwetu mtu aliyeikimbia vita hajigambi kwamba ameshindwa na kitanda. Kwa hiyo nikaibandua karatasi ya chupa, isisomwe na yeyote. Chupa nikaiweka kwenye koti. Simu ikilia, najitenga pembeni, nameza, narudi nikijifanya nilikwenda kukojoa.

Ndugu msomaji, kama unaishi kambini au Mbarara umeshaanza kushika kichwa. Chupa nyeupe inayolia mfukoni, karatasi imebanduliwa, simu inaita saa mbili kila usiku, mtu anajitenga kumeza. Huku kwetu kila mtu anajua wanaofanya hivyo ni akina nani. Ni wanaokunywa dawa za ukimwi na hawataki majirani wajue. Mimi peke yangu sikujua kwamba ninawaiga, hatua kwa hatua.

Kikao cha mwisho cha mahari kilikuwa nyumbani kwa mzee Appolinaire. Bukari, ugali wetu, ilikuwa mezani, samaki wa ziwani wamekaangwa vizuri, habari ya ng'ombe tumeshaimaliza. Nabintu alikuwa anapitisha maji ya kunawa na alinikonyeza. Mara simu yangu ikawika. Niliichagulia mlio wa jogoo.

Nikaomba radhi, nikatoka nyuma ya nyumba, nikameza, nikarudi. Chupa ikawa inalia ndani ya koti, chaka-chaka, chaka-chaka, mpaka nilipokaa. Hakuna aliyekuwa anatafuna.

"Anatole," akasema mzee Appolinaire. "Ni nini inalialia mu koti yako?"

"Ni dawa, baba."

"Ya nini?"

"Ya usingizi."

Mjomba mmoja akakohoa. Mzee akanyoosha mkono, nikampa chupa. Akaigeuza taratibu.

"Karatasi yake iko wapi?"

"Niliibandua."

"Juu ya nini?"

"Niliona haya, baba."

"Haya ya usingizi?" Akaiweka mezani, mbali na samaki. "Unaikunywaka kila siku?"

"Kila siku. Musawo alikataza kuruka ata siku moja."

Nilisikia maneno yangu yakitoka na nikatamani kuyameza badala ya kidonge. Wanawake wakaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Kikao kikavunjika bila hata sala ya kufunga, na kwa Waprotestanti wa Kivu hilo ni jambo zito.

Asubuhi Nabintu alikuja kinyozini kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tangu lini?"

"Nabintu, ni ya usingizi tu."

"Kama uko mugonjwa, sema. Nitalia, alafu tutaona namna ya kuishi. Batu banaishi! Lakini kunidanganya mimi eti usingizi? Nani alishakufa juu ya kukosa usingizi?"

"Mimi nilikaribia."

Akanirushia kitana. Kilimpata mteja.

Baada yake akaja pasta Constantin, ambaye habari za kambi humfikia kabla hazijatokea. Alikuja na chupa ya mafuta na akina mama wawili wa korale, yaani kwaya. Nilikuwa na mtu kitini, nimemnyoa kisogo tu. Pasta hakumjali, akanishika kichwa.

"Bwana, uondoe ugonjwa huu tunaoujua!"

"Pasta, mimi niko muzima."

"Munasikia?" akawaambia akina mama. "Hiyo ndiyo imani!"

Mafuta yalinitiririka mpaka kwenye mashine. Tangu siku hiyo inakata kwa kusuasua.

Nikaona njia ni moja, kupima. Nikamwendea mzee Appolinaire, nikamwomba tufuatane mpaka Kamukuzi aone kwa macho yake. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Mbabazi akanitoboa kidole, tukangoja kwenye benchi tukitazama bango la chanjo.

"Hakuna kitu," Mbabazi akasema. "Huyu iko safi. Shida yake ni simu na mawazo mingi."

Mzee akainuka. "Musawo, upime kidole ingine."

Mbabazi alimtazama kwa macho ya kutaka kumtoboa yeye. Lakini akapima tena. Jibu likawa lilelile. Moyo wangu ukatulia. Nikajua sasa mzee ataomba msamaha, nami nitajifanya mgumu kidogo kabla ya kusamehe.

Tulipofika stendi, akanishika bega.

"Pasta alikuombea."

"Ndiyo, baba."

"Na sasa haiko tena."

"Baba, tangu mwanzo haikuwako..."

"Anatole!" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Usimunyang'anye Mungu utukufu wake."

Jua halijazama, New Congo nzima ilishajua kwamba kinyozi ameponywa. Watu walewale walioshindwa kuamini kwamba mtu anaweza kukosa usingizi waliamini bila shida kwamba mbingu zilifunguka juu ya kiti changu cha kunyolea. Mahari ikarudi mezani. Mzee akasema hata ng'ombe mmoja anaweza kupunguzwa, maana mtoto wake anaolewa na ushuhuda unaotembea.

Nikamfuata Nabintu kisimani. "Wewe unajua kama sikuwa mugonjwa. Ama haujui?"

"Najua sasa. Nilimupigia Pélagie simu, akanielezea yote." Akajitwika dumu. "Sasa funga kinywa. Ukisema ulikuwa muzima, umefanya pasta muongo na baba mudogo mujinga. Hatakubali ndoa tena. Umepona, basi pona!"

Nikapona. Jumapili pasta aliniita mbele, nami nikajiona mjanja kuliko wote. Nikasema tu: "Nilikwenda Mbarara, nikapimwa, hawakuona ugonjwa. Bwana asifiwe!" Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Kanisa likalipuka, ngoma zikapigwa, mama mmoja akaanguka na kiti chake. Mzee Appolinaire alikuwa safu ya kwanza, ameinua mikono miwili, analia. Nilirudi kukaa nikijipongeza.

Siku chache baadaye Mariette akaingia kinyozini. Ni jirani yangu, mjane, muuza dagaa. Vyumba vyetu vimetenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Alikuwa na kuku kwapani, anacheka meno yote nje.

"Kaka Anatole, hii kuku ni yako. Ya kushukuru."

"Kushukuru nini, dada?"

Akachungulia nje, akarudi akanong'ona. "Miye pia nakunywaka. Nilikuwa naficha chupa mu maharagi. Saa mbili simu yangu inalia, na yako inalia upande ule ingine. Nilikuwa nasema moyoni, haya, kaka naye anameza sasa. Ile ndiyo ilinipa nguvu, kaka. Nilikuwa najiona siko peke yangu."

Nikamshika kuku.

"Sasa nimepumuzika," akaendelea. "Kesho yake ya ushuhuda wako, nilimwaga yote mu choo. Jumapili pasta atanipatia kipaza sauti na mimi."

"Umemwaga nini?"

"Dawa. Mungu wako si ndiye wangu?"

Kuku alinitoroka, akapanda juu ya kioo. Nilimkalisha Mariette kwenye kiti cha wateja nikamweleza kila kitu: Pélagie, melatonini, karatasi niliyoibandua, Mbabazi. Nikamwonyesha hata chupa. Nilimwambia asipozirudia zile dawa atakufa, na sikusema neno hilo kwa upole.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Pasta alituambia. Alisema shetani atapita hata mu kinywa ya wale walioponywa. Unanipima imani, kaka."

Akaondoka zake. Akaniachia kuku.

Nikamwendea pasta Constantin. Nilimwambia kuna mtu ametupa dawa, bila kutaja jina. Akanipa kiti, akanipa soda, akaniambia imani changa hutikisika. Nilimwomba awatangazie watu warudi kliniki. Akasema kazi ya kanisa si kutangaza kliniki. Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kutosha kumnyoa mtu upara bila maji.

Jumamosi nikamweleza Nabintu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Utasema mbele ya batu?"

"Tukiwa wawili tu, yule mutu haniamini. Akinisikia pale pale aliponisikia mara ya kwanza, labda."

"Baba mudogo atavunja ndoa."

"Najua."

"Unajua, alafu unasema?"

"Kuna mutu atakufa, Nabintu, juu nilitaka kukuoa."

Alichukua ungo wake akaingia ndani. Usiku ule nilimeza kidonge na sikupata hata lepe la usingizi. Mbabazi hakuniambia melatonini inafanya nini kwa mtu aliyejitafutia matatizo mwenyewe.

Jumapili nikamwomba pasta anipe nafasi kabla ya Mariette. Alifurahi mno. Alidhani naja kuongeza chumvi.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi nilikuwa sipati usingizi."

"Amina!" kanisa likaitikia.

"Ile dawa ilikuwa ya usingizi."

"Amina!"

"Ule ugonjwa sikuwahi kuwa nao. Ata siku moja!"

"Amina! Haleluya!" Mpiga ngoma akapiga mara mbili.

Nikaona nikiendelea hivi nitatawazwa ushemasi. Nikapaza sauti mpaka spika ikalia.

"Nyamazeni! Hakuna aliyeniponya, juu hakukuwa kitu ya kuponya! Niliacha muamini uongo ili nisikose mke. Mutu yeyote aliyetupa dawa zake juu yangu, kesho arudi kwa musawo, achukue zingine. Nawaomba. Mungu akitaka kuwaponya, dawa hazitamuzuia."

Hapo hakuna aliyesema amina. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Pasta akanipokonya kipaza sauti na kuagiza wimbo, lakini korale ilikuwa inanitazama mimi. Kisha jenereta ikazimwa, sijui na nani, na ibada ikaishia palepale kwa kelele.

Nje watu walinipita kwa mbali. Mmoja alitema mate. Mariette alipita amejifunga kitenge mpaka kidevuni, hakunitazama usoni.

"Kesho asubuhi unisindikize," akasema, na hakusimama.

Nabintu alikuja akiwa bado na joho la korale. Nilijiandaa kwa kitana kingine.

"Umetuaibisha," akasema. "Baba mudogo hakutoka ata pale alipokaa. Ameinama tu."

"Nisamehe."

"Sikusamehe. Lakini mutu aliyesema vile mbele ya pasta, hataniogopesha mu nyumba." Akafuta macho kwa mkono wa joho. "Nitamusemesha baba mudogo mwenyewe. Akikataa nitamusemesha tena. Ila nataka kitu moja. Mambo ya nyumba yetu, ya ndugu zetu, usinifiche tena. Ata kama ni kidonge cha minyoo. Siku utanificha, sitauliza mara mbili, nitaenda. Unasikia?"

"Nasikia."

"Apa."

Nikaapa. Niliapa kwa jina la mama yangu aliyebaki kaburini Uvira, kiapo ambacho sijawahi kukitoa kwa mtu. Nabintu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya bukari, akaenda kuvua joho.

Ndipo mzee Appolinaire akatoka kanisani. Akaniita kwa kidole nyuma, kwenye tangi la maji. Nikaenda nimeshalegeza shavu kwa ajili ya kofi.

Alivua kofia. Aliishika kwa mikono miwili.

"Nimesikia mu dirisha. Kesho unaenda Mbarara na yule mama?"

"Ndiyo, baba. Nisameheni, sikutaka muonekane..."

"Nitakuja na nyinyi."

"Kupima tena? Baba, mulishaona vidole viwili!"

"Haiko vidole vyako." Alitazama chini, kwenye tope la tangi. "Na miye nilimwaga, Anatole. Ile siku ya ushuhuda. Ni miaka mingi nakunywa, ata marehemu muke yangu hakujua. Nilipokuona umepona, nilisema, kama Mungu amemukumbuka huyu kinyozi mujinga, miye atanisahau?"

Mtu niliyemwogopa kwa mwaka mzima alikuwa analia mbele yangu, nami nilitaka kumkumbatia na sikujua kama inaruhusiwa. Nikamshika mkono.

"Musawo Mbabazi atatusaidia, baba. Tutaenda asubuhi."

Akaukaza mkono wangu mpaka ukauma.

"Doti, mahari yote, nimeimaliza. Nabintu ni wako, nitasema leo mbele ya ndugu bote. Lakini yeye asijue. Miye ndiye baba aliyebakia. Siku atajua, hakuna ndoa, na wewe sikujui."

Nikageuka. Nabintu alikuwa amesimama kwenye kona ya tangi, joho likining'inia begani.

"Anatole," akasema, "baba mudogo analilia nini?"

Mzee alinitazama. Nabintu naye akanitazama, na hakuuliza mara ya pili.